Filme Ikitoka Kinsevere, Ianze Kuonekana Kinsevere

Neno lililotolewa Lubumbashi mbele ya vijana wanaojitayarisha kwenda kufanya filme dokimantere Kinsevere

 

Waliniomba niseme juu ya filme dokimantere, ni kusema filme ya mambo ya kweli, yenye inafwata watu mu maisha yao bila kuwapa maneno ya kusema. Najua wengi mulikuja na maswali ya kazi: telefone gani inatosha, sauti inakamatwa namna gani, jua la saa sita linaharibu picha namna gani. Ile tutajifunza kesho na wenye kujua. Mimi leo niko na jambo moja tu, na ninalisema sasa hivi kusudi mutu asisinzie akilingoja. Filme juu ya watu waliosahauliwa inawasaidia kama wao njo watazamaji wa kwanza. Kama inatoka Kinsevere, inapita Lubumbashi, inaenda Kinshasa na Ulaya, na mama wa Kinsevere anaisikia tu kwa midomo ya watu, basi tutakuwa tumefanya sawa wote wenye walikuja mbele yetu: tumechimba, tumebeba, tumeenda.

Kati yetu kuko mabishano, na haiko siri. Kuko wenye wanasema: tufike, tukamate video fupi na telefone, mangaribi ile ile tuweke ku intaneti, kesho inchi yote inajua. Mimi niko upande ingine. Munipe muda nieleze juu ya nini.

Tuanze na fasi yenyewe. Kinsevere iko karibu kilometa 30 kaskazini ya Lubumbashi. Sisi wa muji tunaijua kwa vitu viwili.

Cha kwanza ni shaba. Pale kuko machimbo makubwa ya wazi na kiwanda pembeni. Jiwe linasagwa, linaoshwa na asidi, kisha umeme unavuta shaba mpaka inakuwa bamba safi. Mabamba yanafungwa, yanapandishwa mu malori, yanashika njia ya Kasumbalesa, yanavuka Zambia, yanatafuta bahari. Kampuni ya Anvil Mining njo ilijenga ile machimbo. Shaba ilianza kutoka mwaka wa 2007. Mwaka wa 2012 MMG ikainunua Anvil. MMG iko na ofisi yake kubwa Melbourne, kule Australia, na mwenye sehemu kubwa ndani yake ni China Minmetals, kampuni ya serikali ya China. Mwaka wa 2022 MMG ilitangaza kazi ya kupanua Kinsevere kusudi itoe na kobalti. Kwa hiyo mutu wa Melbourne ao wa Beijing mwenye kusoma ripoti za biashara anajua jina Kinsevere. Analijua sawa jina la machimbo. Kama kuko watu wanalala pale, wanalima pale, wanazika wafu wao pale, ile haimo mu jina.

Cha pili ni makala. Hii kila mama wa Katuba ao wa Ruashi anaijua kuliko shaba. Umeme ukikatika, ao usipofika kabisa, bukari inapikwa na makala. Na makala inatoka mu misitu inayozunguka muji, kwa barabara za kaskazini na zingine zote, juu ya malori na juu ya kinga. Mumewaona wale wanaume asubui: kinga imebeba mifuko mpaka huoni mutu, unaona tu miguu inasukuma. Sasa muweke vile vitu viwili pamoja. Machimbo njo mteja mukubwa wa umeme mu Katanga. Nyumba inayokosa umeme inanunua makala. Makala inakula miti. Na mwenye kukata muti anaitwa muharibifu wa msitu na watu wenye hawajawahi kukosa umeme hata usiku mumoja. Ile njo hadisi inayongojea kamera. Hakuna mutu atakuja kutupatia.

Sasa nirudie ku filme. Kuko hadisi moja inayounganisha Kinsevere na filme dokimantere, na vijana wengi wa umri wetu hawaijui, juu tulikuwa watoto.

Mbele ya kujenga Kinsevere, Anvil ilikuwa na machimbo ingine, Dikulushi, ya shaba na feza, mu teritware ya Pweto. Karibu nayo kuko Kilwa, muji mudogo ku ziwa Moero. Mu Oktoba 2004 kikundi kidogo cha watu wenye silaha kiliingia Kilwa. Jeshi likaja kuukamata tena ule muji. Kisha wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu watu zaidi ya 70 waliokufa, na kati yao kuko waliouawa bila hukumu yoyote. Na kukatokea swali: askari walifika na magari ya nani?

Mwaka uliofwata, tarehe 6 Juni 2005, televizyo ya taifa ya Australia ilionyesha filme juu ya ile mambo mu programu yake ya uchunguzi inayoitwa Four Corners. Jina lake The Kilwa Incident. Mu ile filme mukubwa wa Anvil alikubali mbele ya kamera kama magari ya kampuni yalitumiwa na jeshi. Kampuni ilieleza kama jeshi liliyalomba na haikuwa na namna ya kukatala, na siku zote ilikana kosa. Lakini ile neno lilikuwa limekwisha kutoka, mbele ya watu wa Australia, na hakuna mwenye angeweza kulirudisha mu kinywa. Polisi ya Australia ikaanzisha uchunguzi. Kwa hiyo mutu asiwaambie kama filme ni mchezo. Filme ya jioni moja ilifungua mulango uliokuwa umefungwa miezi nane.

Lakini tuangalie na kisha yake. Mwezi wa Juni 2007 tribinali ya kijeshi, hapa hapa Lubumbashi, iliwaachilia wote waliokuwa wanashitakiwa kwa mambo ya Kilwa, askari na watumishi wa kampuni. Uchunguzi wa Australia haukufika mbele ya hakimu. Kule Kanada, kesi ya watu wa Kilwa ilifungwa mwaka wa 2012, juu mahakama yalisema haiko fasi yake ya kuhukumiwa. Ilingoja mpaka mwaka wa 2017 Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu itangaze kama serikali ya Kongo iko na lawama, na ilipe dola milioni 2 na nusu kwa watu wanane wenye walipeleka malalamiko. Miaka kumi na mitatu ilikuwa imepita.

Silaumu ile filme. Ilifanywa kwa Kiingereza, na televizyo ya Australia, kwa watu wa Australia, kusudi waulize kampuni yenye ilikuwa na ofisi kwao. Ile kazi iliifanya vizuri. Ninachosema ni hiki: tribinali ilikaa Lubumbashi, si Sydney. Jiulizeni ni wangapi mu ule mwaka wa 2007, mu muji huu, walikuwa wameiona ile filme kwa luga wanayosikia, wakajua swali gani la kuuliza. Filme ilienda fasi yenye nguvu ya kuisikiliza. Ku watu wenye ilikuwa ni maisha yao, nani aliipeleka?

Basi tutafute mufano wa watu wetu wenyewe.

Dieudo Hamadi ni mutoto wa Kisangani. Mwaka wa 2017 alitoa filme Maman Colonelle, juu ya kolonel wa polisi, Honorine Munyole, mwenye kulinda watoto na wanawake waliotendewa mabaya. Yule mama anatoka Bukavu, anatumwa Kisangani, na kule anakutana na jeraha la zamani: watu wa vita ya siku sita. Mu Juni 2000 jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yalipigana ndani ya muji wa Kisangani, mu inchi ya wengine, wakarusha makombora mu makartye ya watu. Wengi walikufa, na waliobakia bila mukono ao bila muguu walibakia vile, bila mutu wa kuwauliza habari.

Hamadi akawarudilia. Mwaka wa 2020 akatoa En route pour le milliard. Ile filme inafwata kikundi cha wale wenye kilema mu safari ya mashua, wanateremka muto Kongo tangu Kisangani mpaka Kinshasa, kuuliza malipo yao ku wakubwa. Munaona mvua inawapiga, munaona wanabishana, wanacheka, wanapika, mutu anatoa muguu wake wa bandia kusudi alale. Kisha wanafika mbele ya milango ya wakubwa na hawafunguliwe. Ilichaguliwa mu orodha ya Cannes ya mwaka ule.

Juu ya nini ninaipenda? Juu wale watu walikuwa na chama chao mbele ya kamera kufika. Walikuwa na madai, walikuwa na hesabu, walikuwa wanajua jina la tribinali: kule La Haye, mu Desemba 2005, mahakama ya dunia ilikuwa imekwisha kusema Uganda iko na deni. Safari ilikuwa yao. Kamera iliomba nafasi mu mashua. Na tarehe 9 Februari 2022 ile mahakama ikataja bei: dola milioni 325 ambazo Uganda inapashwa kulipa Kongo. Sisemi filme njo ilileta ile hukumu. Hukumu iko na njia yake na wanasheria wake. Lakini pesa ikifika mu inchi yetu, munajua namna inavyoyeyuka. Mutu mwenye aliona ile filme hawezi kudanganywa kama wale wa Kisangani hawajulikane, ao kama ni namba tu ku karatasi. Amewaona uso. Hapo njo kazi ya filme: inakataa mutu afanywe namba.

Mufano mwengine uko karibu zaidi na Kinsevere. Mwaka wa 2017 Mufaransa Emmanuel Gras alitoa filme inayoitwa Makala. Jina ni la Kiswahili, maneno ndani ni Kiswahili chetu. Kijana mumoja wa pande za Kolwezi anakata muti mukubwa, anajenga tanuru ya udongo, anachoma, anajaza mifuko, anasukuma kinga siku na siku mpaka muji. Filme ilikamata zawadi kubwa ya Semaine de la Critique kule Cannes. Hakuna sauti inayoeleza, hakuna munsomi anayesema takwimu. Unasikia tu pumzi ya mutu na kelele ya gurudumu, na malori yanapita karibu kumukanyaga.

Sasa ninauliza hapa: nani alikwisha kuiona? Inueni mukono.

Ninaona mikono mitatu. Filme juu ya kitu chenye kinapikia bukari yetu kila siku, kwa luga yetu, mu Katanga yetu. Mukaaji wa Paris aliilipia tiketi. Sisi tuko mikono mitatu mu chumba kizima. Haiko kosa letu na haiko lazima kosa la mwenye kuifanya. Ni njia tu haikujengwa. Filme, sawa shaba, iko na barabara ya kutoka. Barabara ya kurudi lazima mutu aijenge.

Goma walikwisha kuiona ile shida. Mwaka wa 2020 Muholanzi Joris Postema alitoa Stop Filming Us, filme inayouliza kama muzungu anaweza kweli kuionyesha Goma, na vijana wa Goma wakabishana naye mbele ya kamera. Ile ilikuwa vizuri, lakini mukasi wa kukata picha ulikuwa bado mu mikono yake. Mwaka wa 2022 Bernadette Vivuya na Kagoma Ya Twahirwa wakatoa yao, Stop Filming Us But Listen. Walichukua picha zilizokwisha kukamatwa, wakazipanga kwa macho yao. Musahau kidogo kamera. Mwenye kupanga picha njo mwenye kusema.

Na musijidanganye kama sisi tuko salama juu tuko Wakongomani. Kijana wa Lubumbashi mwenye telefone nzuri, mwenye kufika Kinsevere asubui na kurudia mangaribi, kwa yule mama mwenye shamba ni mugeni. Anaweza kumufanya kitu cha kuonyesha sawa vile mugeni yeyote. Rangi ya ngozi haikate picha muzuri.

Basi tunaenda namna gani? Niseme vitu vinavyoshikika.

Kwanza ruhusa. Tunapita kwa shefu wa kijiji, ile ni heshima na ni desturi. Lakini ruhusa ya shefu haiko ruhusa ya mama. Kila mutu analombwa yeye mwenyewe, kwa Kiswahili, na kama ni muzee mwenye kusikia zaidi kilamba ao kibemba, tunaenda na mutu wa kutafsiri. Tunamuambia picha itaenda wapi, nani anaweza kuiona, na kama wakubwa wake wa kazi wanaweza kuiona. Na tunamuambia kama anaweza kubadilisha mawazo mpaka siku filme inafungwa. Mutoto hakamatwe picha bila muzazi. Kama mutu anasema hapana, ni hapana, hatuzunguke nyuma ya nyumba.

Ya pili, uso. Mutu mwenye kaka yake anatumika ku machimbo ao mwenye kulala pembeni ya senyenge anaweza kuwa na sababu ya kuogopa. Kuficha uso peke haitoshe. Sauti inajulikana. Kitenge kinajulikana. Muti wa embe mu lupangu unajulikana. Na picha ya telefone inaweza kubeba alama ya fasi yenye ilikamatiwa. Tutafunga ile mbele ya kuondoka Lubumbashi. Kama hatuwezi kumuficha vizuri, tuko na njia ingine. Frank Mukunday na Tétshim, vijana wa muji huu, walitoa mwaka wa 2019 filme fupi Machini, juu ya maisha yetu na madini, kwa michoro na mawe yanayotembea. Hakuna uso wa mutu mule, na ukweli uko. Wenye kujua kuchora mu kikundi chetu wasifikiri hawana kazi.

Ya tatu, karatasi. Machozi peke hayafanye filme ya nguvu. Kode ya madini ya mwaka wa 2018 inasema kampuni inapashwa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake yote kwa maendeleo ya watu wanaozunguka machimbo. Muhesabu: ku kila milioni moja ya dola ya mauzo, ni dola 3,000. Ile kode inasema tena kama kampuni na wakaaji wanafanya mapatano ya maandishi juu ya kazi za kijamii. Na ku redevanse ya madini, asilimia 15 inaenda ku utawala wa chini wa pale pale, asilimia 25 ku provense. Kwa hiyo maswali yetu hayako matusi. Ni maswali ya sheria. Mapatano yanasema nini? Nani aliketi mu komite kwa jina la kijiji, na nani alimuchagua? Kisima gani, shule gani, mwaka gani? Mama akisema mbele ya kamera "sisi hatukuona kitu," na kando yake kuko karatasi inayosema kitu gani kilipashwa kufanyika, mutazamaji anajua kuuliza nini. Na kama kisima kiko na kinatoa maji, tunakionyesha. Hatuendi kutafuta hukumu yenye tulikwisha kuandika hapa.

Ya ine, jibu la wengine. Tunaandika barua kwa kampuni na kwa provense, na tarehe, na muhuri wa kupokelewa. Wakijibu, jibu linaingia mu filme. Wakinyamaza, tunasema barua ilipokelewa siku gani. Hii ni haki, na ni kinga yetu, ile ya kujikinga, si ya kubeba makala. Kode ya numerike ya tarehe 13 Machi 2023 iko na kifungo na faini kwa mwenye kueneza habari ya uongo. Tusimupatie mutu nafasi ya kuitumia juu yetu. Na hatuingie ndani ya senyenge ya machimbo. Hakuna picha yenye bei ya risasi.

Ya tano, siku ya mutu. Mwenye kuketi na sisi saa tatu mbele ya kamera amepoteza asubui ya shamba, ao tanuru yake imewaka vibaya juu hakuwa pale kuifunika. Hatununue maneno, juu neno la kununua halina kazi. Lakini tusimuibie siku. Tunapika pamoja, tunasaidia kupakia mifuko, tunafwata saa zake, si saa za mafuta ya gari letu.

Na ya sita njo ile nilianza nayo. Picha zikipangwa mara ya kwanza, tunarudi Kinsevere. Shuka nyeupe, spika, jenereta, mangaribi kukiisha kupoa. Ba mama wakitaka waone kwanza peke yao, wanaona peke yao, juu kuko maneno mwanamuke hasemi mume wake akiwa ameketi pale. Tunauliza: nini hatukuelewa? Nini inaweza kuwaletea shida? Nini imebakia inje? Kisha tunarudi kupanga upya. Mara ya pili tunaonyesha tena, na tunaacha filme kule, mu zile karte ndogo za telefone, kusudi ipite kwa Xender mutu kwa mutu bila kulipa intaneti. Siku komite ya kijiji itaenda kuketi na kampuni ao na wakubwa wa provense, iwe na filme mu mukono. Kisha njo Katuba, Kenya, Ruashi. Kisha intaneti. Kisha Ulaya, kama Ulaya inataka.

Sasa nijibu wale wa upande ingine, juu hawako wapumbavu.

Wanasema: itachelewa. Ndiyo, itachelewa. Lakini tutofautishe. Kama leo nyumba inabomolewa ao mutu anapigwa, kamata picha, weka ile ya kwanza bila kuigusa, andika saa na fasi, ipeleke haraka kwa wanasheria na waandishi wa habari. Ile ni habari ao ni ushuhuda, haingoje shuka nyeupe. Makala, maji, vumbi, pesa ya 0.3, vile ni vitu vya miaka. Havitakufa mu miezi miwili tunayorudi kuuliza vizuri. Na video ya sekunde 30 inaishi siku ngapi? Siku mbili watu wanatia machozi chini yake, siku ya tatu kuko wimbo mupya. Mama anabakia na uso wake mu telefone za watu wasiomujua.

Wanasema tena: tukionyesha kijijini kwanza, wakubwa watajua mbele filme haijatoka, watatisha watu. Hii ni hoja ya kweli, na ninaiogopa. Njo maana nakala zitawekwa mu miji miwili, na njo maana siku ya kuonyesha itachaguliwa na wakaaji, si na sisi. Lakini muangalie: kama filme inaweza kuwatia watu mu hatari, wanapashwa kujua mbele, si kisha. Mutu mwenye kuona filme kwanza anaweza kusema "ondoeni ile sehemu yangu." Mwenye kuiona wa mwisho anaweza tu kukimbia.

Kuko na moja wenye kunong'ona pale nyuma: kufanya vile hakuleti jina. Labda. Sammy Baloji wa muji huu alianza na mabomoko ya Gécamines yenye sisi wote tulikuwa tunapita kando bila kuangalia, na mwaka wa 2008 yeye na wenzake walianzisha Picha hapa hapa, kusudi kazi ionekane Lubumbashi. Leo dunia inajua jina lake. Kuonyesha nyumbani kwanza hakukumufunga mutu mulango.

Ba kamarade, mangaribi hii tunapashwa kukata neno mbele ya mutu kushika njia ya Kinsevere. Ninaleta mapendekezo matatu, na ninalomba tupige kura ku kila moja peke yake. La kwanza: hakuna picha ya Kinsevere itakayowekwa ku intaneti mbele wakaaji hawajaiona ikipangwa. La pili: wakaaji wawili wa Kinsevere, mwanamuke na mwanaume, waliochaguliwa na wenzao, waketi na sisi siku zote za kupanga picha, na sisi tulipe njia yao na chakula chao. La tatu: makuta ya kwanza tutakayopata kwa hii kazi yalipe jenereta na shuka mbele ya kulipa kamera.

Shuka tuko nayo. Mama mumoja aliitoa. Jenereta tutaazima. Kinachobakia ni mikono yenu.